Nyumba Isiyoruhusiwa Kuhama

Kwetu nyumba huhama. Msomaji wa mbali atadhani natia chumvi, lakini aliyeishi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika miaka hii ya karibuni ananielewa. Maji yalipoanza kupanda yakameza mwalo wa mitumbwi, kisha njia ya chini, kisha bustani za mchicha, na watu wa kwetu hawakukaa kuyatazama. Walipanda mapaani, wakang'oa bati, wakashusha mbao, wakabeba milango kichwani, wakazipandisha nyumba zao mlimani kipande kwa kipande. Ya muuza dagaa ikahama. Ya mwalimu wa madrasa ikahama. Hata banda la mbuzi la mlevi mmoja wa pale kwetu, ambalo halikuwa na umbo la kueleweka hata kabla ya maji, nalo likahama. Ilibaki moja tu, yetu, na ilibaki kwa sababu ilikuwa makumbusho.

Baba yangu alikuwa mwandishi. Jina lake nalihifadhi. Anayelijua na anyamaze nalo. Vitabu vyake vilisomwa mashuleni nchi nzima, na watu wazima wengi niliokutana nao walimpenda, isipokuwa wale waliofelishwa na maswali juu yake. Kazi aliifanyia Dar es Salaam. Alipozeeka akarudi kwao, akajenga nyumba ya shamba kando ya ziwa, kusini mwa Ujiji, upande wa kwenda Ilagala, katikati ya michikichi aliyoachiwa na babu. Nasema akajenga kwa heshima tu. Baba hakujua kupigilia msumari. Aliandika juu ya wavuvi maisha yake yote, na mtumbwi ulikuwa haujaacha ufuko yeye ameshaanza kutapika. Aliyejenga ni mama. Yeye ndiye aliyesimama juani na mafundi, akawapikia, akawagombeza, akauchagua mninga wa mlango wa mbele ubao kwa ubao, na ulipofungwa ukawa unalia kila ukisukumwa, akamwambia fundi aufungue aanze upya. Baba alikuwa kibarazani anaandika.

Alifia nyumbani, chumbani kwake, jambo ambalo mama alilishukuru mpaka siku zake za mwisho. Jeneza lilitolewa kwa mlango ule wa mninga. Mama alikuwa ameushika mwimo kwa mikono miwili, na wanaume wakawa wanapita kwa kujibana. Hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

Watu wa makumbusho walikuja kwenye arobaini. Walikuja na shada kubwa la maua, ambalo sisi watu wa Ujiji hatukujua tuliweke wapi, likaishia juu ya pipa la maji. Mkubwa wao aliposimama kusema, pilau ilikuwa imeshapakuliwa. Akasema taifa linaomba nyumba hii ihifadhiwe kama ilivyo, ili vizazi vije vione alipokaa, alipoandika na alipolala. Watu wakaitikia kwa sauti. Baba mdogo, ambaye ni mdogo wake marehemu na ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, akajibu kwa niaba yetu sote kwamba hiyo ni heshima, na punje za wali bado zimo kwenye ndevu zake. Mama alikuwa ndani na wanawake, amekaa eda, anasikia kila neno kupitia dirishani. Kwetu mtu akiomba jambo mbele ya hadhara ya dua humkatalii. Unaweza kumkatalia kesho yake, pembeni, kwa maneno laini. Lakini kesho yake walikuwa wameshaondoka, na muda si mrefu kibao kikawa kimepigiliwa ukutani.

Nitende haki: mama hakufukuzwa. Alipewa chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya mawese, kikapakwa chokaa, na siku za joto harufu ya mawese ilitoka ukutani kama kawaida. Nyumba kubwa ikafungwa kamba kwenye milango ya vyumba, na vibao vidogo vya kuomba watu wasiguse. Miwani ya baba ikabaki mezani, kofia yake kwenye msumari. Mama akawa anaingia humo kufuta vumbi tu, na akimaliza anatoka kinyumenyume asichafue sakafu aliyoisugua mwenyewe. Mimi nilikuwa nafundisha Kasulu. Tulizaliwa watatu na nimebaki peke yangu, kwa hiyo niliomba kuhamia shule ya huku ili nikae naye. Siku za mapumziko nikawa ndiye ninayetembeza wageni, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kazi ya huko shamba.

Wageni walikuwa wa aina mbili: wanafunzi walioletwa kwa nguvu, na Wazungu waliotoka kuwaona sokwe Gombe wakabakiwa na siku moja ya kupoteza. Wote waliuliza maswali yaleyale. Alikuwa anaandika saa ngapi? Alikaa kiti kipi? Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mzima na tai yake, alimuuliza mama marehemu alikuwa anakula nini ili apate mawazo yale makubwa.

"Alikuwa anakula nilichopika," mama akamjibu.

Mwalimu akacheka akidhani ni utani. Mama hakuwa anatania.

Maji yakaja. Wazee walisema ziwa lina tabia ya kupanda na kushuka, wakatukumbusha kwamba zamani lilipanda hivihivi likarudi lenyewe. Tukasubiri lirudi. Kibao cha kuomba watu wasikanyage majani kilisimama ndani ya maji, na dagaa wadogo wakawa wanakizunguka. Michikichi ya mbele ikaanza kuinama. Ndipo jirani yetu akasema yeye hasubiri tena.

Jirani huyu nitamtaja sana, kwa hiyo nimweleze. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, yeye akazaliwa huku, akaolewa huku, akafiwa na mume hukuhuku. Ni Mkristo wa kanisa la kila Jumapili, na mama yangu alikuwa Mwislamu wa Ujiji wa swala tano. Waligombana juu ya kuku tangu siku ya kwanza, na hawakuacha kuazimana chumvi hata siku moja.

Kuhamisha nyumba kuna utaratibu wake. Kwanza, hakuna anayetamka neno kubomoa; atakayeropoka atapigwa kikumbo na wanawake. Kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa, mwenye nyumba wa kike anachukua mafiga yake matatu, anapanda nayo mlimani mwenyewe, anayapanga kwenye kiwanja kipya na kuwasha moto. Moto ukishashika, nyumba imehesabiwa imehama, hata kama paa bado liko bondeni. Hapo ndipo fundi anapanda. Bati zinawekwa alama ya mkaa ili kila moja ijue pa kurudi, misumari inanyooshwa, tofali zinakwanguliwa udongo, na watu wote wanabeba. Chakula kinaliwa juu, kwenye ule moto. Ya jirani ilihama kwa namna hiyo, na jua halijazama mlango wake wa bati ulikuwa umeshasimama mlimani, bila kuta, umefungwa kwa komeo. Tulicheka mpaka machozi. Mama alicheka kuliko wote.

Tulipokuwa tunashuka mlima akanishika bega.

"Na sisi tuhame," akasema.

Kiwanja kilikuwapo, shamba la mihogo la upande wa kwao mama, hatua chache tu kutoka kwa jirani. Nilimwambia ninavyojua mimi, kwamba nyumba si yetu tena wa kuigusa, na kwamba naweza nikajitahidi tukamjengea kijumba kipya. Alisimama katikati ya njia.

"Nyumba mpya ya nini? Hiyo haijanijua. Baba yako alitolewa mlango ule. Na mimi mtanitoa mlango uleule. Ukiwa bondeni sawa, ukiwa mlimani sawa. Sitaki kitu kingine chochote kwenu."

Hakuwa mtu wa kuomba. Kwa hiyo siku iliyofuata nilivaa gauni langu la vikao, nikapanda bodaboda mpaka Ujiji na kutoka hapo Kigoma mjini, nikaenda kwa kijana aliyekuwa akisimamia makumbusho yetu pamoja na mengine. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote. Lakini yule kijana alinipokea kwa mikono miwili. Alinipa kiti chake. Aliniambia kitabu cha baba ndicho kilichomfanya asome, na macho yake yakalowa kweli, si ya kuigiza. Utagombana vipi na mtu anayemlilia baba yako?

"Mwalimu, naelewa," akasema. "Lakini nyumba ikishahifadhiwa, hailegezwi hata msumari bila wataalamu kuikagua. Nimeshawaomba waje. Nikiruhusu bati moja ling'olewe, nitakayeulizwa ni mimi."

"Na maji yakiing'oa?"

"Maji hayana wa kuyauliza," akasema, na akaona aibu kwa kusema hivyo.

Wataalamu walikuwa mbali na wana kazi nyingi. Tuliruhusiwa kuweka viroba vya mchanga. Tukajaza viroba, mimi, mama na wanafunzi wangu, tukavipanga upande wa ziwa. Maji hayakuvipanda viroba. Yalipita chini yake, taratibu, yakatokea jikoni. Nilipiga simu, nikaambiwa nivumilie. Nilimpigia baba mdogo, naye akaniambia nisiliaibishe jina la kaka yake kwa kuirarua nyumba yake kama banda la kuku. Nilimwuliza mara ya mwisho alipokuja kuiona nyumba hiyo ni lini. Akasema mtandao unakata.

Hasira yangu ya siku zile sikujua niitue wapi. Asubuhi nilikuwa nafundisha watoto sarufi na jioni naangalia ukuta wa sebule ukibadilika rangi kutoka chini kwenda juu. Tofali zetu zilikuwa mbichi, za udongo, zimepakwa saruji kwa nje. Ukuta wa hivyo ukinywa maji huuoni ukinywa. Unasimama vilevile, mzuri, mpaka siku yake.

Mama hakuniambia alichopanga. Jumamosi moja niliamka nikakuta fundi amekaa kibarazani na nyundo yake na mtaimbo, majirani wanafika mmoja mmoja, wanawake wamekuja na sufuria. Mafiga hayakuwapo jikoni. Mama alikuwa ameshapanda mlimani.

Ningeweza kuwasimamisha. Sikutaka. Nilimwambia fundi, "Panda." Akapanda, akatoa msumari wa kwanza, akautia mdomoni kama wanavyofanya, na wa pili, na bati la pembeni likainuka kidogo mwanga ukaingia chumbani kwa baba. Watu wakashangilia. Nakumbuka nilikata kamba ya chumba kile kwa kisu cha samaki, na niliona raha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba afariki.

Mtendaji wa kata alifika kwa pikipiki, na mgambo wawili juu ya pikipiki nyingine. Sijui nani alimpigia simu na sitaki kujua. Hakuja kwa ukali, afadhali angekuja kwa ukali. Alivua kofia, akaniamkia shikamoo ingawa tunakaribiana umri, akasema ametumwa tu.

"Dada, naomba fundi ashuke. Hii ni mali ya taifa. Akishuka kwa hiari yake sina neno na mtu."

Nilisema niliyoyasema. Mengine siyaandiki. Nilimwambia hilo taifa likavue viatu liingie humo ndani lione maji yalivyo baridi. Akainamisha kichwa akasikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanipa simu, baba mdogo yuko upande wa pili, na safari hii mtandao ulikuwa mzuri sana. Akataka kuongea na fundi, si na mimi. Fundi ni mtu mwenye watoto, na wale mgambo walikuwa wamesimama chini ya ngazi. Aliniangalia, nikaangalia pembeni. Akaitoa misumari mdomoni, akaanza kuipigilia palepale ilipotoka.

Kule mlimani mama alisikia nyundo. Alisikia ikigonga, ikigonga tena, na kwa mtu aliye mbali nyundo ni nyundo. Akajua kazi inakwenda. Akashuka na jirani kuwaita watu wakale, uso wake unang'aa kwa jasho na moshi, anatuamkia kwa sauti, kwa Kiha, kabla hajafika, "Mwakeye jamani, wali umeiva, muache kwanza mpumzike!"

Alipofika akaona bati zote ziko mahali pake na watu wamesimama mikono mitupu. Mtendaji akamwamkia, na mama akaitikia marahaba. Akalitazama paa. Akanitazama mimi, mwenye mdomo.

"Wali utaharibika," akasema. Watu wakapanda mlimani wakala. Mgambo nao wakala. Mafiga yakabaki kule juu, mama akakataa kuyarudisha, na tangu siku hiyo bondeni tukapikia jiko la mkaa.

Masika yakaanza mapema mwaka ule. Maji yalipofika kwenye kizingiti, kijana wa makumbusho alikuja mwenyewe kwa boti, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika, akiwa na wenzake na masanduku. Walikuja kuokoa vitu. Walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, wamevaa glavu nyeupe huku wamezama hadi magotini. Miwani ikafungwa kwenye pamba. Kofia ikafungwa kwenye karatasi. Meza, vitabu, kitanda, mpaka kikombe alichonywea chai. Kijana akaniambia vitu vyote vitahifadhiwa mahali pakavu mpaka patakapopatikana pa kuviweka. Nilimshukuru. Nilikuwa nimefikia hatua ya kushukuru.

Nilimwuliza kuhusu mlango. Akautazama, akaupapasa, akasema mlango ni sehemu ya jengo, na jengo ni kazi ya wataalamu.

Boti lilipoondoka nilichukua mtaimbo nikaenda kuung'oa mwenyewe. Sikujali nani ataulizwa. Mninga ulikuwa umevimba. Ulikuwa umekaza ndani ya fremu yake hivi kwamba haukufunguka, haukufungika, bawaba zimeshika kutu, na kila nilipotia mtaimbo niling'oa vipande vya ukuta tu, udongo laini unamwagika majini. Jirani akaja kunisaidia. Tulivuta, tukasukuma, tukapiga kwa jiwe. Mama alisimama uani na maji yanampitia miguuni, anatuelekeza: shika juu, inua kwanza, siyo hivyo, inua! Yeye ndiye aliyeufungisha, alijua kila parafujo ilipo. Kujua hakukusaidia kitu. Mwishowe jirani akakaa kwenye ngazi ndani ya maji, anahema, akasema, "Mama, huu umekataa."

Jioni ile tulimpandisha mama mlimani, kwa jirani. Ukuta wa upande wa ziwa ulikaa chini siku iliyofuata mchana. Sisemi ulianguka, kwa sababu haukupiga kelele. Ulikaa tu, na paa likaufuata, na mlango ukaondoka umesimama ndani ya fremu yake, ukaenda mpaka kwenye michikichi, ukalala. Vijana waliufuata kwa mtumbwi. Mawimbi yalikuwa makubwa, wakarudi. Mama alikuwa anatazama kutoka mlimani, na alipoona wamerudi akaingia ndani akalala kuelekea ukutani.

Nyumba ya jirani ina vyumba viwili. Kimoja alitupa sisi. Kiwanja chetu kilikuwa palepale mbele ya macho yetu, na mafiga yamekaa katikati ya mihogo, na sikuwa na cha kujengea: bati zilikwenda na maji na zilizobaki zilikunjika, mbao zimeoza, tofali zimerudi kuwa udongo. Nilianza kukusanya mawe ya msingi. Nilimwambia mama nyumba itasimama kabla ya kiangazi kuisha. Alikuwa akinijibu "inshallah" kwa upole, na upole ule ulinitisha, maana mama hakuwa mpole. Mama alikuwa mtu wa kuamuru mlango ufungwe upya. Nilitamani agombe na mtu, hata na mimi.

Akashikwa na homa. Zahanati wakasema ni mapafu, wakampa sindano, akapata nafuu, ikarudi. Niliendelea kubeba mawe asubuhi kabla ya shule kana kwamba msingi ni dawa. Siku moja aliniita nikiwa na jiwe mkononi, akaniambia niache, nije nikae. Nikakaa. Hakusema neno la maana, aliuliza kama kuku wamefungwa. Alifariki kesho yake, asubuhi, chumbani kwa jirani, jirani kamshika kichwa na mimi nimemshika miguu.

Jirani alifanya mambo ambayo sitamlipa maisha yangu yote. Alishusha msalaba uliokuwa juu ya mlango na kalenda yenye picha ya Bikira Maria, akavikunja ndani ya kitenge akaviweka chini ya kitanda, ili wanawake wa Ujiji waje wasome Yasini bila kuona haya. Alitoa viti nje, akatandika mikeka. Nikamwambia asijisumbue kiasi hicho. "Ego, ndiyo, ni kwake hapa leo," akasema. "Nani atasema si kwake?"

Mama akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa. Wanaume wakamtoa. Mlango wa jirani ni mwembamba, wa bati lililofungwa kwa waya, na ilibidi jeneza liinamishwe kidogo upande mmoja ndipo lipite. Nikasikia wakiambizana taratibu, taratibu. Sikuwa na pa kutazama. Wakashuka nalo upande wa makaburini, na sisi wanawake tukabaki ndani.

Alasiri, kijana wa makumbusho akafika kutoka Kigoma, viatu vyake vimejaa matope mpaka kwenye soksi. Alikuwa amechelewa mazishi kwa sababu ya barabara. Alivua viatu, akasimama nje ya kizingiti, akanitazama mimi kwa kuwa mimi ndiye mfiwa, akapiga hodi.

Kwetu hodi ya msibani hujibiwa na mwenye nyumba. Alipofariki baba, mama ndiye aliyeitikia hodi zote mpaka arobaini, sauti imekauka, na hakumwachia mtu hata moja. Akifa mama, kazi hiyo ni ya binti. Wanawake wote wakanigeukia. Nilifungua kinywa. Nilitaka kusema karibu, na nikakumbuka nimekaa kwa nani, na neno likagoma. Jirani alikuwa ameinamisha macho, ananiachia nafasi yangu kwa heshima.

Kijana akapiga hodi mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.

"Karibu ndani," jirani akamjibu.

Akaingia, akatafuta pa kukaa, na mimi nikasogea mkekani kumpisha, kama mgeni mwenzake.